Mstari Mlalo Unaopita Singida

Mwanafunzi akiambiwa achore grafu ya mlinganyo y = 2x + 1, kwa kawaida hajikwai. Huandika jedwali, hutafuta thamani tatu au nne, huweka nukta zake, na rula humaliza kazi iliyobaki. Akiambiwa achore y = 3, kalamu husita. Yuko anayeweka nukta moja tu juu ya mhimili wa y na kudhani kwamba amemaliza. Yuko anayechora mstari wima, kwa kuwa mhimili wa y wenyewe ni wima na jina lake limemvuta upande huo. Na yuko anayeuliza x imekwenda wapi.

Huyu wa tatu ndiye aliye karibu zaidi na ukweli, ingawa mara nyingi huambiwa anyamaze na achore. Swali lake lina jibu, na jibu hilo limelala katika ramani ya Tanzania ambayo shule nyingi zimeitundika ukutani.

Msomaji achukue atlasi na kutafuta miji minne: Kigoma, Singida, Kondoa na Lushoto. Kisha achukue karatasi ya grafu, aifanye Ikweta kuwa mhimili wa x, na mstari wa Greenwich kuwa mhimili wa y. Nyuzi za mashariki na za kaskazini zihesabiwe kuwa chanya; za magharibi na za kusini ziwe hasi. Kwa kukadiria hadi sehemu moja ya kumi ya nyuzi, majira ya miji hiyo ni haya:

Kigoma (29.6, −4.9)
Singida (34.8, −4.8)
Kondoa (35.8, −4.9)
Lushoto (38.3, −4.8)

Ikiwa sentimita moja itawakilisha nyuzi moja, nukta ya kwanza na ya mwisho zitaachana kwa sentimita 8.7 kutoka kushoto kwenda kulia, lakini kutoka juu kwenda chini hakuna nukta itakayoipita nyingine kwa zaidi ya milimita moja. Juu ya ardhi, milimita hiyo ni kama kilomita kumi na moja, ilhali safari ya kutoka Kigoma hadi Lushoto kwa mstari ulionyooka ni zaidi ya kilomita 950. Mji wa ufuko wa Ziwa Tanganyika na mji wa milima ya Usambara, ambao watu wake wana hali ya hewa na mazao mbalimbali, wana y moja. Mstari y = −4.8 unapita Singida, na ukinyooshwa pande zote mbili unapita karibu na miji mingine mitatu.

Basi x imekwenda wapi? Haikwenda kokote. Imeachiwa huru. Mlinganyo y = −4.8 ni sharti moja tu lililowekwa juu ya nukta: kimo chake kiwe −4.8. Juu ya x haukusema neno, na kwa hiyo x yaweza kuwa 29.6, au 34.8, au sifuri, au namba nyingine yoyote. Mwalimu anayetaka jambo hili lionekane ubaoni aandike mlinganyo kwa ukamilifu wake, 0x + y = −4.8, kisha awaache wanafunzi watengeneze jedwali. Wataweka x = 1, x = 2, x = 100, na kila mara 0x itakuwa sifuri na y itabaki pale pale. Jedwali hilo lenye safu moja ya namba zinazobadilika na safu nyingine ya namba ile ile huwachekesha wanafunzi, na ni vema liwachekeshe, maana hawatalisahau.

Mteremko wa mstari huo nao hupatikana kwa kanuni ile ile ya siku zote: badiliko la y kugawanywa kwa badiliko la x. Kati ya nukta mbili za mstari mlalo, badiliko la y ni sifuri. Sifuri kugawanywa kwa namba yoyote isiyo sifuri ni sifuri. Hapa inafaa kuitazama Manyoni, iliyo kusini mwa Singida karibu na nukta (34.8, −5.8). Mstari kutoka Singida hadi Manyoni ni wima kwa kadiri grafu hii inavyoweza kuonyesha. Badiliko la y ni −1 na badiliko la x ni sifuri. Kugawanya kwa sifuri hakuna maana katika hesabu, kwa hiyo mstari wima hauna mteremko unaoweza kuandikwa kwa namba. Wanafunzi wengi huziita hali hizi mbili kwa jina moja, «hakuna mteremko», na hapo ndipo makosa ya mitihani huzaliwa. Mstari wa Kigoma hadi Lushoto una mteremko, nao ni sifuri. Mstari wa Singida hadi Manyoni hauna.

Sasa mstari huu uwekwe katika mageuzo. Mageuzo ni kanuni inayochukua kila nukta ya bapa na kuipa mahali pake papya. Lililo jepesi kuliko yote ni uhamisho: kila nukta husogezwa umbali ule ule kwa mwelekeo ule ule. Uhamisho wa (1, 0) huipeleka Singida karibu na Kondoa. Kila nukta ya mstari y = −4.8 imehama nyuzi moja kwenda mashariki. Hakuna hata moja iliyobaki mahali pake. Lakini mstari wenyewe uko wapi? Uko pale pale ulipokuwa. Nukta zote zimehama na mstari haukuhama.

Jambo hili linastahili kusimamiwa kidogo, kwa sababu ndilo linalotenganisha kuchora na kuelewa. Foleni ndefu ya watu wanaosogea hatua moja mbele barabarani haiondoki barabarani, ingawa kila mtu amesogea. Mstari mlalo hauna mwanzo wala mwisho, kwa hiyo kusogezwa kwa mlalo hakuuachi wazi upande mmoja wala kuuongezea upande wa pili. Uhamisho wa (a, b) huugeuza mstari y = k kuwa y = k + b. Ile a haionekani kabisa katika jibu. Mwanafunzi aliyepewa uhamisho wa (7, 2) na mstari y = 3, akajibu y = 10, amesikiliza namba asiyopaswa kuisikiliza.

Akisi hufanya kazi kwa namna nyingine. Ikweta ikifanywa kioo, kila y hubadili alama na x hubaki. Mstari y = −4.8 huwa y = 4.8, na Singida huangukia katika nyika za kusini-mashariki mwa Sudan Kusini, mashariki ya mji wa Kapoeta. Mstari huo mpya hupita karibu sana na Juba. Anayesahau alama ya kutoa mbele ya latitudo ya Singida amefanya akisi hii bila kukusudia, na amevuka Ikweta kwa kosa la kalamu. Kioo kikiwa mhimili wa y, yaani mstari wa Greenwich, ni x zinazobadili alama. Singida hutua katika bahari ya Atlantiki, si mbali na pembe ya kaskazini-mashariki ya Brazili; lakini mstari y = −4.8 unabaki kuwa y = −4.8, kama ulivyobaki katika uhamisho wa mlalo.

Akisi ya tatu ndiyo yenye madhara makubwa zaidi kwa wasomaji wa ramani, na kioo chake ni mstari y = x. Katika akisi hii namba mbili za kila jozi hubadilishana nafasi: (a, b) huwa (b, a). Hivyo ndivyo afanyavyo mtu anayetaja latitudo kwanza mahali panapotakiwa longitudo. Singida (34.8, −4.8) huwa (−4.8, 34.8), nayo ni nukta iliyo katika milima ya kaskazini mwa Moroko, kaskazini ya mji wa Fez. Lushoto huwa (−4.8, 38.3), kaskazini ya Cordoba nchini Hispania. Kigoma hukutwa kwenye ukingo wa Sahara. Mstari mlalo wa Tanzania umesimama wima kutoka jangwani hadi Ulaya, na mlinganyo wake sasa ni x = −4.8. Kosa la namna hii lina nafuu moja, kwamba ni kubwa mno. Hakuna fundi atakayepeleka mashine ya kuchimba kisima Hispania. Makosa ya kuogopwa ni yale madogo, na Singida yenyewe ina mfano wake.

Ramani za vipimo vya ardhi za Tanzania, zile za skeli ya 1:50,000, zimechorwa miraba ya kilomita moja kwa kilomita moja. Kila upande wa mraba ni sentimita mbili juu ya karatasi. Mistari hiyo ya gridi, ya mlalo na ya wima, ni bapa la x na y la darasani, ila vipimo vyake ni mita badala ya nyuzi. Mfumo unaotumika huitwa UTM. Dunia imegawanywa katika kanda sitini za wima, kila moja yenye upana wa nyuzi sita, na Mkoa wa Singida wote umo katika kanda ya 36, kati ya longitudo 30 na 36 mashariki. Katikati ya kanda hiyo, kwenye longitudo 33, ndipo mhimili wa y ulipowekwa. Mhimili wa x ni Ikweta.

Mji wa Singida uko kwenye latitudo ya nyuzi 4 na dakika 49 kusini, longitudo ya nyuzi 34 na dakika 45 mashariki. Ukipimwa kutoka mihimili hiyo, uko yapata kilomita 194 mashariki ya mhimili wa y na kilomita 533 kusini ya Ikweta. Kwa hesabu ya darasani nukta yake ni (194, −533). Lakini msomaji akifungua ramani hatakuta alama ya kutoa popote. Waliobuni mfumo walijua kwamba alama hiyo husahaulika, nao wakaiondoa kwa uhamisho. Katika nusu ya kusini ya dunia kila nukta huhamishwa kwa (500, 10,000), kwa kilomita. Singida huwa (694, 9,467). Mstari mlalo y = −533 huwa y = 9,467, na ndio mstari wa gridi unaosomeka pembeni mwa ramani. Mstari wa Ikweta wenyewe, ambao ulikuwa y = 0, sasa ni y = 10,000. Tabora, iliyo magharibi kidogo ya longitudo 33, ingekuwa na x hasi. Kwa kuongezewa 500 nayo imepata namba chanya. Ni vigumu kupata mfano ulio safi zaidi wa uhamisho unaofanya kazi kila siku bila wanaoutumia kuutambua.

Mfano wa pili ni mgumu zaidi, na kwa wakazi wa mkoa ni wa maji.

Singida ni nchi kame. Mvua huja kwa msimu mmoja, na sehemu kubwa ya mkoa imekaa juu ya graniti, kama majabali yanayouzunguka mji yanavyoonyesha. Maziwa mawili yaliyo kando ya mji, Singidani na Kindai, ni ya chumvi. Kwa hiyo maji ya kunywa hutafutwa chini. Graniti ngumu haihifadhi maji ndani yake kama mchanga; maji hukaa katika nyufa za mwamba na katika tabaka la juu lililooza. Mtaalamu wa kutafuta maji huweza kutembea na vyombo vyake siku nzima kabla ya kupata ufa mmoja unaofaa, na ufa huo waweza kuwa mwembamba. Akipata, huandika majira ya nukta. Mchimbaji akikosea nukta hiyo kwa mita mia chache, huweza kuchimba tundu refu katika jiwe kavu.

Ramani za zamani za Tanzania zilitegemea mfumo wa vipimo uitwao Arc 1960, ambao huchukua umbo la dunia kama lilivyokadiriwa na Clarke mwaka 1880. Vyombo vya mkononi vinavyopokea ishara za setilaiti hutumia, visipoagizwa vingine, mfumo mwingine uitwao WGS 84. Mifumo hii miwili haikubaliani juu ya kitovu cha dunia kilipo, wala juu ya umbo lake kwa usahihi. Matokeo yake ni kwamba mahali pamoja, bila jiwe lolote kusogea, pana namba mbili. Katika eneo la Singida tofauti hiyo hukaribia uhamisho wa (90, −300), safari hii kwa mita. Nukta yenye majira fulani katika ramani ya Arc 1960, chombo cha setilaiti huisoma ikiwa na x iliyoongezeka kwa mita 90 hivi na y iliyopungua kwa mita 300 hivi.

Na ifikiriwe kwamba mtaalamu amesoma namba za kisima katika chombo chake, kisha akaziweka moja kwa moja juu ya ramani ya zamani. Alama yake itakaa mita 90 mno kwa mashariki na mita 300 mno kwa kusini. Katika ramani ya 1:50,000, kosa hilo ni milimita 1.8 kwa mlalo na milimita 6 kwa wima. Jicho litaliona likiwa na cha kulinganisha nacho, kwa mfano njia panda au mto, na halitaliona nyikani. Kwa Pythagoras, umbali wote ni kipeuo cha pili cha 90 × 90 + 300 × 300, yaani mita 313.

Dawa ni uhamisho wa kinyume, (−90, 300). Hapa mwanafunzi anayekariri huweza kufanya hasara. Akiongeza (90, −300) kwa mara ya pili badala ya kuirudisha, kosa halifutiki, bali huongezeka maradufu na kuwa mita 626. Njia ya kujihakikishia ni kuchukua mstari mmoja wa mlalo na kuufuata. Mstari wa gridi wa ramani ya zamani ulioandikwa y = 9,467,000 husomwa na chombo kuwa y = 9,466,700. Namba ya chombo ni ndogo. Basi anayetoka katika chombo kwenda katika ramani lazima aongeze. Ile 90 haikuingia katika hoja hii hata kidogo, kwa sababu mstari mlalo hauijali. Ili kuiangalia 90, achukuliwe mstari wima: x = 694,000 husomwa kuwa x = 694,090. Kwa njia hii uhamisho mzima umegawanywa vipande viwili, na kila kipande kimeonekana peke yake. Namba 90 na 300 zilizotumika hapa ni za kukadiria na zinatosha kwa karatasi ya grafu. Wapima ardhi hutumia kanuni kamili.

Wapo watakaouliza kama ni nukta iliyohama au ni mihimili. Ardhini hakuna kilichohama. Nukta imebaki, na mihimili ndiyo iliyosogea kinyume, mita 90 kwenda magharibi na mita 300 kwenda kaskazini. Hesabu ya njia zote mbili ni moja.

Limebaki geuzo moja ambalo wanafunzi wa jiografia hulitumia bila kulipa jina. Wanapochora sura ya ubavu ya nchi, kwa mfano kutoka nyanda za juu za Iramba kushuka hadi bonde la Wembere, hukuza vipimo vya wima ili vilima visipotee. Ikiwa kila y imezidishwa kwa 5 na x zimeachwa, mteremko wa mita 40 kwa kilomita huonekana kama wa mita 200 kwa kilomita, na mteremko wa Sekenke hufanana na ukuta. Uso wa ziwa katika mchoro huo, ambao ni mstari mlalo, hupanda juu zaidi ya karatasi lakini haupati mwinamo wowote. Sifuri mara tano ni sifuri. Mchoro ambao ziwa lake limeinama umekosewa, kwa vyovyote vile skeli ilivyochaguliwa.

Zoezi. (1) Mstari y = −4.8 umehamishwa kwa (3, 2), kisha ukaakisiwa katika mhimili wa x. Tafuta mlinganyo wake. Rudia kwa kuanza na akisi na kumalizia na uhamisho, na ueleze kwa nini majibu hayalingani. (2) Kisima kimesomwa na chombo cha WGS 84 kuwa (701,490, 9,458,200). Tafuta mahali pa kuweka alama yake katika ramani ya Arc 1960. (3) Taja mageuzo matatu tofauti yanayouacha mstari y = 3 mahali pake ingawa nukta zake zimehama, na moja linalouacha pamoja na kila nukta yake.

Majibu ya (1) na (2): y = 2.8 na y = 6.8, (701,400, 9,458,500).